Maswali ya Wasomaji: Kiingereza kwa Maongezi ya Filamu, Muziki na Tamaduni

Barua nyingi za safari hii zimekuja na kilio kimoja: wasomaji wanasikia Kiingereza kwa wingi, wanakizungumza kwa uchache. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina tumeyaacha kama mlivyoomba.

*Wahariri, salaam. Natazama filamu za Kiingereza karibu kila usiku na hadithi naifuata mwanzo hadi mwisho. Lakini mtu akiniuliza kwa Kiingereza filamu ilihusu nini, natoa maneno matatu, nakwama. Tatizo langu ni nini? – Mpenzi wa filamu*

Filamu hukusaidia kuelewa kwa njia nyingi ambazo si lugha: nyuso za waigizaji, muziki unaopigwa nyuma, mahali, mfuatano wa matukio. Unaweza kukosa sehemu kubwa ya maneno na bado ukajua nani kamsaliti nani. Ukianza kuzungumza, misaada hiyo yote imeondoka. Unatakiwa uchague kitenzi, ukiweke katika wakati wake, utafute kihusishi, na yote hayo ndani ya sekunde moja au mbili. Kuelewa ni kazi moja, kusema ni nyingine, na wewe umefanyia mazoezi ile ya kwanza tu.

Kwa hiyo punguza kutazama, ongeza kusema. Chukua kipande cha dakika mbili au tatu, kisizidi hapo. Kiwe na watu wawili wanaozungumza: wanagombana, wanaombana radhi, wanapanga jambo. Mapigano na mbio za magari hayafai, maana hayana maneno. Kitazame mara ya kwanza bila maandishi ya chini ya skrini, kisha eleza kwa sauti kilichotokea, kwa Kiingereza hichohicho ulicho nacho. Hapo utayaona mapengo yako: labda hukujua kusema "alimkatiza" au "alijifanya hajui". Yaandike kwa Kiswahili. Hatua hii wengi huiruka, nasi twaihesabu kuwa ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu mtu akishajua anachokosa, sikio lake hukitafuta lenyewe.

Mara ya pili washa maandishi ya Kiingereza, uokote vifungu sita hadi vinane. Usiandike "mind" peke yake, andika "I've changed my mind" au "Do you mind if I sit here?", kama kilivyosemwa. Kifungu huja na sarufi yake ndani. Neno la pekee utalazimika kulitafutia kihusishi na wakati papo hapo mtu anapokungoja ujibu.

Kisha simulia. Lipo zoezi ambalo walimu wa lugha huliita 4/3/2, alilolibuni Keith Maurice mwaka 1983 na mtafiti wa lugha Paul Nation akalichunguza baadaye. Unasimulia jambo lilelile mara tatu, kila mara kwa msikilizaji mpya: kwanza kwa dakika nne, halafu tatu, halafu mbili. Habari haibadiliki, muda ndio unaopungua. Mara ya kwanza unatafuta maneno, ya pili yanakuja upesi, ya tatu unaanza kuunganisha sentensi. Anayeanza atumie dakika mbili, moja na nusu, kisha moja. Huna wasikilizaji watatu? Rekodi ya simu inatosha, ila simama wima na useme kwa sauti ya kawaida, usinong'one.

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuongeza habari mpya kila unaporudia: unarudi kutafuta maneno, na wepesi hauji. Ya pili ni kuandika hotuba nzima na kuisoma. Mkononi ubaki na vile vifungu vinane tu.

*Niweke maandishi ya chini ya lugha gani? Wengine wanasema Kiswahili, wengine Kiingereza, wengine wanasema nizime kabisa. – Nimechanganyikiwa*

Inategemea unachotafuta. Maandishi ya Kiswahili yatakupa hadithi, lakini macho yakishapata maana, masikio hulegea. Yatumie siku unayotaka kustarehe. Ya Kiingereza hukusaidia kuyatenganisha maneno yanayosikika kama yameshikana: "should have" ikisemwa haraka husikika "shuda", na bila kuiona imeandikwa waweza kuisikia miaka mingi usiitambue.

Ila usiyaamini kupita kiasi. Maandishi ya chini mara nyingi hufupisha. Kanuni za Netflix, kwa mfano, zinaruhusu mistari miwili tu kwa wakati mmoja, kila mstari usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, hivyo mhusika mwenye mdomo mwepesi hukatwa maneno. Ukisikia neno ambalo halijaandikwa, liamini sikio lako. Maandishi yanayotayarishwa kwa ajili ya viziwi kwa kawaida hukaa karibu zaidi na usemi, tena hutaja sauti kama mlango kugongwa au mtu kushusha pumzi, na hayo ni maneno ambayo vitabu vya kozi huyasahau.

Kuhusu msamiati, watafiti Stuart Webb na Michael Rodgers walipima filamu 318 katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009. Waligundua kwamba anayejua familia 3,000 za maneno ya kawaida, yaani neno pamoja na minyambuliko yake, akijumlisha na majina ya watu na mahali, ameshika takriban asilimia 95 ya maneno yote yanayosemwa. Asilimia tano iliyobaki ni neno moja katika kila ishirini, na mara nyingi neno hilo ndilo lenye uzito katika sentensi. Kama hujafika hapo, chagua filamu uliyokwisha kuiona kwa lugha nyingine. Kuzima maandishi kabisa kunafaa mwishoni, unapokitazama tena kipande ulichokwisha kukifanyia kazi.

*Nikisimulia filamu nachanganya "he" na "she" mpaka wenzangu hawajui nani kamwoa nani. – Mwanafunzi wa chuo*

Neno letu "alimwambia" halisemi kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo hujazoea kuamua jambo hilo kabla ya kufungua mdomo. Kanuni unaijua tayari. Kinachokosekana ni mazoea. Chagua onyesho lenye mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, msimulie mwenzako kwa dakika moja. Kila ukikosea ainue kidole bila kusema kitu, nawe uirudie sentensi nzima, si lile neno tu. Kisha simulia upya huku umebadilisha nafasi: aliyekuwa mume sasa ni mke. Usikwepe kwa kutaja majina kila sentensi. Angalia pia "his" na "her": vinamfuata mwenye kitu, si kitu chenyewe. Kaka wa msichana ni "her brother", hata kama kaka ni mwanamume.

Tukiwa hapo, jambo la wakati wa kitenzi. Hadithi ya filamu katika Kiingereza kwa kawaida husimuliwa kwa wakati uliopo: "A nurse finds a letter and decides to keep it." Safari yako ya kwenda kuitazama ndiyo huchukua wakati uliopita: "I watched it on Friday." Anayesimulia kwa wakati uliopo asiidondoshe ile "s" ya "finds" na "decides". Na kwa kuwa hawana "-ka-" yetu ya kufululiza matukio, wanafunzi wetu hujaza "and then, and then". Badilisha kwa "so", "but", "meanwhile", "by the time".

*Shikamooni wahariri. Napenda muziki kuliko filamu, na nimehifadhi nyimbo nyingi za Kiingereza. Mwalimu wangu anasema zinaniharibia sarufi. Ni kweli? – Kidato cha tatu*

Marahaba. Mwalimu wako ana hoja, ingawa haitoshi kukufanya uache.

Mtunzi wa wimbo anataka silabi zilingane na mdundo na miisho ya mistari ipatane kwa sauti. Hivyo "doesn't" hugeuka "don't", "isn't" na "haven't" hugeuka "ain't", kanusho huja mara mbili katika sentensi moja, na kiima huachwa. Tena mengi ya hayo si makosa hata kidogo. Ni sarufi halali ya lahaja zenye kanuni zake: Kiingereza cha Wamarekani weusi, kilichobeba bluzi, soul na hip hop, au Patwa ya Jamaika katika rege. Huna haja ya kuidharau lahaja ya mtu ili ufaulu mtihani. Pigia mstari kila umbo la namna hiyo, na pembeni uandike umbo sanifu. Utajua yote mawili, na utajua lipi la kutumia wapi.

Hatari kubwa zaidi ni mkazo. Katika wimbo urefu wa noti ndio unaotawala, kwa hiyo vijineno kama "the" na "of", ambavyo katika usemi hupita kwa wepesi mno, huweza kuvutwa na kukazwa. Usijifunze matamshi ya neno kutokana na linavyoimbwa. Ukimaliza kuimba, usome ubeti huohuo kama mtu anayemweleza mwenzake habari, kisha hakikisha mkazo wa maneno mapya katika kamusi yenye sauti.

Anza na nyimbo zinazosimulia kisa, hasa za kantri na nyimbo za kienyeji za gitaa (folk), kwa sababu huimbwa taratibu na zina wahusika. Bluzi ya mtindo wa zamani nayo ni rafiki wa mwanafunzi: ubeti una mistari mitatu, wa pili hurudia wa kwanza, wa tatu hujibu, kwa hiyo usichokisikia mara ya kwanza kinarudi baada ya sekunde chache. Rapu iache kwanza. Kasi yake ni kubwa, na misimu yake huchakaa upesi.

Chukua ubeti mmoja tu. Usikilize mara tatu ukiandika unachosikia na kuacha nafasi pale usipopata, ndipo ulinganishe na maneno yaliyochapishwa. Yaliyoko kwenye intaneti mengi huandikwa na mashabiki kwa kusikia, kwa hiyo tazama sehemu mbili tofauti. Zikipishana, rudi kwenye sauti.

Sasa maongezi. Usimuulize mwenzako "Do you like this song?", maana jibu ni neno moja na mazungumzo yamekwisha. Muulize: anayeimba ni nani? Anamwambia nani? Kabla ya ubeti wa kwanza kulitokea nini? Yule anayeambiwa, kama angepewa ubeti wake, angejibu nini? Maswali haya yanakusukuma kukisia, na kukisia kunaleta "She must have known", "He might be lying", "They could have waited". Hiyo ni sarufi ambayo darasani huchosha, na hapa unaihitaji ili useme unachofikiri. Kwa jambo hili twauweka muziki mbele ya filamu. Filamu inakuonyesha kila kitu. Wimbo unaacha mapengo, na watu huzungumza ili kuyajaza.

*Tumeanzisha kikundi cha watu tisa tunaozungumza Kiingereza kwa simu ya video, saa moja kila wiki. Mada zetu ni tamaduni za dunia. Baada ya dakika kumi wanaoongea ni wawili tu, wengine wamezima kamera. Tufanye nini? – Mwalimu*

Mwalimu, anzia kwenye hesabu. Saa moja kwa watu tisa, hata mkigawana sawasawa, ni chini ya dakika saba kwa mtu. Gawanyeni watatu watatu, kila kundi na simu yake, na kila mtu atapata karibu dakika ishirini. Kundi la watu watatu lina faida nyingine: hakuna pa kujificha, na mmoja akikwama wapo wawili wa kumsaidia.

La pili ni mada. "Tamaduni za dunia" haizungumziki. Hata "harusi" ni pana mno, maana kila mtu atasema sentensi mbili za jumla na kunyamaza. "Nani hulipia harusi, na kwa nini yeye?" inazungumzika. "Muziki wa kisasa" haifai, "Je, msanii akiimba kwa lugha isiyo yake amepoteza nini?" inafaa. Jaribuni mada kwa kipimo hiki: kama watu wawili wenye akili timamu hawawezi kutofautiana juu yake, bado haijawa mada.

Siku mbili kabla, wote wapate kipande kilekile cha dakika tatu, cha filamu au cha wimbo, na vifungu sita vya kutumia. Siku yenyewe, dakika tano za salamu na kukumbushana vifungu. Kumi na tano za kusimulia, kila mtu tano, wenzake wakisikiliza bila kukatiza. Ishirini na tano za maswali. Kumi za makosa. Tano za mwisho za kupanga la wiki ijayo. Mtunza saa abadilike kila wiki.

Katika zile ishirini na tano wekeni sharti moja: kabla hujatoa maoni yako, muulize swali aliyezungumza kabla yako. Sharti hili huwabadilisha hasa wale wawili wanaotawala. Mzungumzaji hodari apewe kazi ya kuuliza na kufupisha yaliyosemwa, kujibu kuwe kwa wenzake. Asiye na kasi afundishwe maneno ya kushika zamu yake: "Let me think", "What I mean is", "I haven't finished", "How do you say it when..." Asipoyajua, akisita kidogo zamu imekwenda.

Kwenye simu ya video sauti huchelewa kidogo, ndiyo maana watu hugongana kisha wote wananyamaza. Anayemaliza amtaje kwa jina anayempa zamu. Na msiogope kimya. Mhesabie mwenzako hadi tano kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Mara nyingi alikuwa ameshaanza kuipata sentensi. Kiswahili kiruhusiwe kwa kuombea neno tu, na aliyepewa neno airudie sentensi yake nzima kwa Kiingereza.

Kuhusu kusahihishana: si katikati ya maongezi, isipokuwa maana imepotea. Msikilizaji aandike sentensi kama ilivyosemwa. Katika dakika kumi za makosa chagueni makosa matatu kwa kila mtu, yale yanayojirudia, na mwenyewe ajaribu kuyarekebisha kwanza. Kinachosahaulika ni hatua inayofuata: baada ya kusahihishwa, mtu ausimulie upya mwanzo wa hadithi yake kwa nusu dakika akitumia sentensi zilizonyooka. Sahihisho lisilosemwa kwa mdomo wa mkosaji halikai.

*Nikiulizwa "You haven't seen it?" najibu "Yes", nikimaanisha "ndiyo, sijaiona". Watu wanashangaa. – Mfanyakazi wa hoteli*

Sisi huafiki maneno ya muulizaji. Kiingereza huangalia tendo lenyewe kama lilifanyika. Hujaiona: "No, I haven't." Umeiona: "Yes, I have." Usiiache "yes" au "no" ikisimama peke yake. Ukimalizia na kitenzi kisaidizi, hata ukianza vibaya msikilizaji atakuelewa. Kosa lililo ndugu ya hilo ni kusema "Me too" baada ya kanusho. Mwenzako akisema "I didn't like it", nawe hukuipenda, jibu ni "Neither did I", au "Me neither" katika mazungumzo ya kawaida.

*Kila filamu kwangu ni "nice". – Sina vivumishi*

Anza na hivi kumi, jozi kwa jozi: "gripping" na "slow", "moving" na "cold", "believable" na "far-fetched", "original" na "predictable", "underrated" na "overrated". Kila ukitumia kimoja, taja mahali: "It was predictable. The part where the brother comes back, I saw it coming." Maneno "the part where" yatakubeba mbali kuliko kivumishi chochote. Na chunga sana: "I was bored" ni hali yako, "I was boring" ni kusema wewe ndiwe uliyewachosha watu.

*Nina rafiki wa mtandaoni kutoka nchi nyingine, tunazungumza Kiingereza. Nikimuuliza kuhusu mila zao naona ananuna. Sina nia mbaya. – Mdadisi*

Huenda nia ni njema na maneno ndiyo yanayokuponza. Kwetu "ninyi watu wa huko" haina ubaya. "You people" kwa Kiingereza husikika kama dharau, iepuke kabisa. "Why do you...?" kuhusu mila husikika kama mashtaka. Sema "How did that start?" au "What does it mean to your family?"

Hapo kwenye familia ndipo penye siri ya maongezi mazuri ya tamaduni. Usimfanye mtu mmoja msemaji wa taifa. Nowruz, mwaka mpya unaoanza na majira ya kuchipua tarehe 20 au 21 Machi, husherehekewa Iran, Asia ya Kati na kwingineko, na kila mahali kwa namna yake. Ukiuliza "What do Iranians do?" utapata jibu la kitabu. Ukiuliza "What does your family do on the first morning?" utapata kisa, na kisa huzaa maswali mengine. Vivyo hivyo Siku ya Wafu ya Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba. Aliyeijua kwa filamu tu anaweza kudhani ni sikukuu ya kutisha, ilhali familia hupamba madhabahu kwa maua, picha na vyakula walivyovipenda marehemu wao. Swali zuri hapa, nalo halimuudhi mtu: "Is it really like that, or only in films?"

Unapoeleza ulichosikia kuhusu wengine, lainisha: "tend to", "in many families", "as far as I know". Umri, mshahara, ndoa na dini, ngoja ayaguse yeye kwanza.

Nawe utaulizwa. Wengi hujiandaa kuuliza, wakigeuziwa swali wanakosa la kusema juu ya kwao. Tayarisha maelezo matano ya dakika mbili mbili: sikukuu moja, namna ya kusalimiana, kumpa mtoto jina, ngoma au muziki mmoja, na mlo mmoja wa siku maalumu. Kila moja lifuate njia hii: ni nini, lini, nani anahusika, kinachoanza na kinachofuata, sababu yake, na kilichobadilika tangu enzi za babu na bibi. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokulazimisha utumie "used to", na mara nyingi ndiyo inayomvutia zaidi msikilizaji.

*Nifuate lafudhi ya Marekani au ya Uingereza? Wenzangu wananicheka. – Sauti ya mbali*

Kiingereza kina wasemaji wengi waliojifunza kama lugha ya pili kuliko waliozaliwa nacho. Lafudhi yako si kosa. Shughulika na yale yanayozuia kueleweka.

La kwanza ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huihamishia kanuni hiyo kwa kila neno. "Comedy" na "character" hukazwa mwanzo, "guitar" mwisho, "director" katikati. "Record" ikiwa nomino mkazo uko mwanzo; ikiwa kitenzi, mwisho. Maneno haya ya filamu na muziki utayatumia kila siku, kwa hiyo andika kila neno jipya na alama juu ya silabi yenye mkazo.

La pili ni miisho. "Watched" ni silabi moja inayoishia kwa "t"; "loved" ni moja inayoishia kwa "d". Hiyo "-ed" huwa silabi kamili pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted" na "ended". Usiongeze irabu mwishoni.

La tatu ni irabu. Sisi tunazo tano, Kiingereza cha Uingereza kina karibu ishirini, na "live" na "leave" kwetu huwa kitu kimoja. Tafuta jozi kumi za namna hii, mwenzako aseme moja, wewe uonyeshe kidole ni ipi. Sikio litangulie, mdomo utafuata. Mwisho, "can" na "can't": katika "I can dance" neno "can" hupita upesi likiwa hafifu, katika "I can't dance" hukazwa. Ukiikaza "can", watu watasikia umekataa.

Zoezi la yote haya ni kufuatisha. Chukua sekunde 20 hadi 30 za mtu anayezungumza, si anayeimba. Sikiliza mara tatu, kisha sema naye kwa pamoja, nyuma yake kwa nusu sekunde, ukiiga kupanda na kushuka kwa sauti. Ikikushinda, punguza kasi hadi 0.75, usishuke zaidi, maana chini ya hapo sauti hupoteza mdundo wake.

*Sina mtu wa kuzungumza naye, na hata nikipata, nitajuaje kama napiga hatua? – Wa mwisho*

Wako watu duniani wanaojifunza Kiswahili na wanahangaika kupata msemaji kama wewe. Patana na mmoja: nusu saa Kiingereza, nusu saa Kiswahili, saa ikilia lugha ibadilike hata kama hadithi haijaisha. Mkishindwa kupata saa moja inayowafaa wote wawili, badilishaneni ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kila mmoja akimalizia na swali. Msitoe anwani wala habari za fedha.

Programu za akili bandia zinafaa kukuandalia maswali na kukurekebishia sentensi ulizoandika. Usizitegemee kwa maneno kamili ya wimbo au ya mhusika wa filamu, kwa sababu huweza kuyabuni. Na kwa kuwa hukisia ulichokusudia, hazikuonyeshi vizuri kama mtu angekuelewa.

Kupima hatua, jirekodi mara moja kwa mwezi ukisimulia kwa dakika mbili kipande ambacho hujawahi kukisimulia, bila kujiandaa zaidi ya dakika moja. Sikiliza na uhesabu vitu vitatu: maneno yote uliyosema, mara ulizonyamaza zaidi ya sekunde mbili, na mara ulizorudi nyuma kuanza sentensi upya. Yaandike na tarehe. Maneno yakiongezeka huku vimya vikibaki vilevile, ongeza zoezi la 4/3/2. Vimya vikipungua lakini unarudiarudia maneno yaleyale, umeishiwa na vifungu: rudi kwenye vipande vya filamu na beti, uokote vipya.